Akiba Haiozi, Ila Noti Huisha Muda: Tujifunze Maana ya Sarafu



 Leo tutaongelea kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni, au anatamani angekuwa nacho: pesa. Sitafundisha namna ya kutajirika, hilo hata mimi bado nalitafuta. Nataka tujiulize swali ambalo tunalipita kila siku: sarafu ni nini hasa? Kwa nini karatasi ya rangi nyekundu inakubalika dukani kwa Mangi, na karatasi nyingine ya rangi hiyo hiyo inakataliwa?

Naanza na jambo lililonipata mwenyewe, na naomba mnivumilie kwa sababu si la kujisifia.

Mimi ni wakala wa pesa za simu mjini Songea. Kazi yangu kutwa nzima ni kuweka na kutoa. Agosti 2025 nilipanda kwenda kijijini Mbinga kumsaidia bibi kuvuna kahawa. Jioni ya siku ya pili bibi akaniita chumbani, akafungua sanduku lake la bati, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo matatu. Ndani yake kulikuwa na noti 41 za shilingi 10,000 na noti 4 za shilingi 5,000. Jumla 430,000.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, "hizi ni za siku yangu. Jeneza, na chakula cha watu watakaokuja. Zipeleke wewe kwenye hiyo simu yako, panya wameanza kusumbua."

Nilizishika tu nikajua. Zilikuwa noti za toleo la mwaka 2003. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za zamani, zikiwemo hizo, zingebadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazitakuwa halali kwa malipo. Tangazo nililisoma. Nilikuwa nalo kwenye simu. Kuanzia mwezi wa nne nilikuwa nawarudishia wateja noti hizo nikiwaambia, "Mama, hii imeshaisha muda." Na katika miezi yote ile sikumkumbuka bibi hata siku moja.

Tuwe na kisa hiki kichwani tunapoendelea. Tutakirudia mwishoni.

1. MANENO YETU YENYEWE YANATUFUNDISHA

Kiswahili kina maneno mengi ya kitu hiki kimoja, na kila neno limebeba historia yake.

Fedha ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe. Ndiyo maana mpaka leo mshindi wa pili anavishwa medali ya fedha. Zamani pesa ya thamani ilikuwa kipande cha madini hayo chenyewe.

Pesa imetoka Bara Hindi, ambako paisa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja nayo pwani yetu. Hata Wajerumani walipoanza kutoa sarafu zao hapa mwaka 1890, ile ndogo ya shaba waliiandika jina la pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja.

Hela ni ya Wajerumani. Mwaka 1904 walibadilisha mfumo wao, rupia moja ikawa sawa na heller 100. Wao waliondoka, neno likabaki. Ukisema "sina hela" unataja sarafu ndogo ya mkoloni aliyeondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wana faranga. Waganda husema ensimbi, na neno hilo hilo ni la simbi, yale makombe madogo meupe ya baharini, kwa kuwa wazee wao walinunua na kuuza kwa hayo.

Na neno sarafu? Asili yake pia ni Kiarabu, na linahusu kubadilisha, kuchenji. Leo tunalitumia kwa maana mbili. Ya kwanza ni kile kipande cha chuma, kama sarafu ya shilingi 200. Ya pili ni pesa rasmi ya nchi: sarafu ya Tanzania ni shilingi, ya Zambia ni kwacha. Katika somo hili nachukua maana ya pili.

Shika tofauti hii: mali ni kahawa, shamba, ng'ombe, ujuzi wa mikono yako. Pesa ni njia ya kupima na kubadilisha mali hiyo. Sarafu ni sura ambayo pesa inavaa katika nchi fulani na wakati fulani. Sura inaweza kubadilika. Bibi alikuwa ametunza sura.

2. KAZI ZA PESA

Kabla ya pesa watu walibadilishana vitu kwa vitu. Mwenye mahindi anamtafuta mwenye chumvi. Shida ni kwamba lazima umpate mtu mwenye unachotaka, ambaye naye anataka ulicho nacho, siku hiyo hiyo. Ukiwa na mbuzi na unataka kibaba cha chumvi, utamkata mbuzi mguu?

Pesa iliingia hapo katikati, na ina kazi nne.

Kwanza, ni njia ya kubadilishana. Unauza kahawa kwa mtu mmoja, unanunua chumvi kwa mwingine kabisa, nao hawajuani.

Pili, ni kipimo cha thamani. Kama pishi inavyopima nafaka, pesa inapima vitu visivyofanana. Unaweza kulinganisha daftari na nauli ya bodaboda kwa sababu vyote vina bei.

Tatu, ni ghala la thamani. Unafanya kazi leo, unakula matunda yake mwakani. Wahenga walisema akiba haiozi.

Nne, ni kipimo cha deni. Mkikopeshana leo mlipane baada ya mavuno, mnajua mnadaiana kiasi gani.

Angalia kazi ya tatu. Mahindi yanapata fukusi, pesa hazipati, ndiyo maana bibi aliuza kahawa akaweka noti. Lakini bibi mwenyewe aliniambia kwamba alipoanza kuziweka, kiasi kile kingetosha kununua ng'ombe na jeneza juu. Mwaka jana kisingetosha hata ng'ombe peke yake. Kwa hiyo hata kama noti zile zingekuwa halali, thamani ilikuwa imeshavuja polepole, mwaka hadi mwaka, huku hesabu ikibaki 430,000 ile ile. Huo ndio mfumuko wa bei. Kamba ya kitambaa haijafunguliwa, lakini kilichomo kimepungua.

3. NI NINI KINACHOIPA SARAFU THAMANI?

Wengi tunadhani ni karatasi yenyewe, au dhahabu iliyofichwa benki kwa ajili ya kila noti. Siyo. Tuangalie mifano mitatu ya hapa hapa kwetu.

Mfano wa kwanza ni Kilwa. Karne nyingi kabla ya Mreno kufika, masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba. Upande mmoja waliandika jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kwamba anamtumaini Mungu mwenye kujalia neema, na maneno ya pande zote mbili yalikuwa na vina. Baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanajadiliana zilifikaje kule. Mimi kinachonigusa ni maandishi: jina la anayeahidi upande huu, neno la tumaini upande ule.

Mfano wa pili ni Tabora, mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, Wajerumani hawawezi kupata sarafu kutoka kwao. Wakatengeneza zao katika karakana ya reli Tabora. Kwa dhahabu ya Sekenke walitengeneza sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Na kwa shaba na vyuma vya aina hiyo walivyoweza kupata, wakatengeneza heller 20. Chuma chakavu kikawa pesa, na watu wakanunulia vitu, kwa sababu serikali iliyokuwepo ilisema ni pesa. Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora. Aliyekuwa na sarafu ya tembo alibaki na dhahabu mkononi. Aliyekuwa na heller 20 alibaki na shaba na ahadi ya mtu anayekimbia.

Mfano wa tatu ni kibandani kwangu. Mteja ananipa shilingi 10,000 taslimu. Mimi namtumia 10,000 kutoka kwenye floti yangu. Hakuna noti iliyosafiri ndani ya waya wala hewani. Namba kwangu imepungua, kwake imeongezeka, na nyuma ya namba hizo kampuni ya simu inatakiwa kuwa na pesa zinazolingana zilizowekwa benki. Mteja anaondoka na ujumbe mfupi wa maneno, na moyo wake umetulia.

Unaona kinachojirudia? Sarafu ni ahadi. Shilingi yetu ilianza mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni, ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki iliyokuwepo tangu mwaka 1921. Nyuma yake hakuna kipande cha dhahabu cha kila noti. Kuna sheria inayosema ipokelewe, kuna Benki Kuu inayosimamia kiasi kinachotolewa, kuna kodi tunazolipa kwa shilingi hiyo, na kuna sisi wote tunaoamini kwamba kesho jirani ataipokea.

4. AHADI IKICHEZEWA

Ahadi ikichezewa, anayeumia kwanza ni mtu mdogo.

Turudi kwenye simbi. Afrika Magharibi watu walitumia simbi kama pesa kwa karne nyingi, na nyingi zilitoka mbali, visiwa vya Maldivi. Zilikuwa adimu, hivyo zilishika thamani. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wakagundua kwamba pwani yetu, Zanzibar na majirani zake, kuna simbi za aina nyingine, tena nyingi na za bei chee. Wakazijaza merikebuni, wakazipeleka Afrika Magharibi kununulia mafuta ya mawese. Zikamiminika, zikamiminika, mpaka thamani ikaporomoka. Wafanyabiashara wa meli walishapata mafuta yao. Mama aliyekuwa ametunza mtungi wa simbi kwa ajili ya mahari ya mwanawe, ndiye aliyeamka akakuta mtungi umejaa na hauna kitu.

Makombe hayakuvunjika hata moja. Kilichovunjika ni uwiano kati ya pesa na vitu vya kununua.

Zimbabwe ilipitia jambo la namna hiyo siku zetu hizi. Januari 2009 ilitolewa noti ya dola za Zimbabwe trilioni 100, na mwaka huo huo watu waliiacha sarafu hiyo wakawa wanatumia pesa za nchi nyingine. Fikiria mwalimu aliyeweka akiba miaka ishirini.

Kwa hiyo ukisikia kijana anasema, "Si serikali ichapishe tu hela nyingi tuwe matajiri?" umjibu kwa upole: noti zikiongezeka na mahindi yakabaki yale yale, debe la mahindi litapanda bei, basi. Hakuna aliyetajirika.

5. SARAFU KATIKA BIASHARA YA NCHI NA NCHI

Kahawa ya bibi ni arabika. Bei yake ya dunia inatajwa kwenye soko la New York, kwa dola ya Marekani. Mnunuzi wa nje analipa kwa dola, lakini bibi anataka shilingi, maana mwenye duka la kijijini hapokei dola. Hivyo katikati lazima sarafu moja ibadilishwe kuwa nyingine, kwa kiwango cha siku hiyo.

Shilingi ikishuka dhidi ya dola, muuza kahawa anaweza kupata shilingi nyingi zaidi kwa dola ile ile. Lakini mbolea na mafuta ya dizeli tunanunua nje kwa dola hiyo hiyo, navyo vinapanda. Kinachoingia mlangoni kinatokea dirishani. Ndiyo maana habari za viwango vya kubadilishia fedha, ambazo tunazipita redioni tukisubiri michezo, zinamhusu hata mama wa Mbinga asiyewahi kuishika dola.

Kazi ya kubadilisha fedha ni ya zamani sana. Hekaluni Yerusalemu, Wayahudi waliotoka mbali walifika na sarafu za kila aina, na kodi ya Hekalu ilitakiwa kulipwa kwa fedha ya Tiro iliyojulikana kwa ubora wake. Hivyo wavunja fedha walihitajika, nao walichukua chao juu yake. Kazi yenyewe ilikuwa na maana. Sisi mawakala ni ndugu zao kabisa, na tunajua jinsi ilivyo rahisi kumpunja mzee asiyesoma makato.

6. PICHA NI YA NANI?

Mnakumbuka Yesu alipotegwa na swali la kodi kwa Kaisari (Mt 22). Hakuanza kuhubiri. Aliomba kwanza aonyeshwe sarafu, akauliza picha na maandishi ni ya nani. Dinari ilikuwa na sura ya Kaisari, na kwa kawaida ilihesabiwa kuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa jibu lake alikubali kwamba sarafu ina mwenyewe, aliyeitoa na anayeweza kuidai. Lakini akaacha swali lingine likining'inia hewani: na mtu je, yeye amebeba sura ya nani?

Nilikuwa nalisoma hilo fungu tangu mafundisho ya Kipaimara. Nimelielewa mwaka jana, nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha kamba na noti 45 mapajani. Mwenye sarafu alikuwa ametangaza kuichukua sarafu yake, na alitoa muda. Hilo ni haki yake. Lakini bibi, mwenye sura ile nyingine, alikuwa na mjukuu anayejua kusoma, mwenye simu, mwenye kazi ya pesa. Sina wa kumlaumu benki. Ningepiga simu moja tu. Ningemwomba katekista asome tangazo kigangoni baada ya ibada ya Jumapili, na bibi angeinua mkono pale pale, maana mambo ya matangazo hayampiti.

7. TULIFANYAJE

Kesho yake nilizipeleka benki mjini, nikijua jibu. Mhudumu alizitazama, akaniangalia kwa huruma, akazirudisha.

Niliporudi nilimwambia bibi ukweli wote, pamoja na kwamba mimi nilijua. Nilitegemea atalia au atanifokea. Alikaa kimya muda mrefu akiwa anachambua kahawa kwenye ungo. Kisha akasema, "Mimi sikuwa natunza hela, mume wangu. Nilikuwa natunza nisije nikawaombaomba watu siku ile." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Tuko wajukuu saba. Niliwaita, nikawaeleza nilivyokosea, na nikasema deni hili ni langu, wao wasaidie wakipenda. Tukamwombea bibi nafasi kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa pale kijijini. Kila mwezi nampelekea hisa zake. Pesa hizo hazilali sandukuni: mwenzake anakopa ananunua mbolea, anarudisha na riba kidogo. Mpaka naandika somo hili nimerudisha 190,000. Bado 240,000. Zile noti za zamani bado ziko kwenye kitambaa chake, hataki zitupwe.

Akiba haiozi, ni kweli. Lakini akiba ya bibi ilikuwa ni jasho lake na heshima yake. Noti ilikuwa gunia tu la kubebea, na gunia huhitaji mtu wa kulikagua.

KAZI YA WIKI HII

Naomba kila mmoja wetu afanye mambo haya matatu, kisha tujadiliane kwenye vikundi vyetu parokiani:

1. Mpigie au mtembelee mzee mmoja wa familia yako. Muulize kwa heshima kama ana pesa, kadi ya benki au laini ya simu aliyoiweka siku nyingi. Usichukue. Mweleze tu hali ilivyo, na msome naye makato na masharti.

2. Kama kikundi chenu kina kibubu au sanduku la mhazini, jiulizeni: je, pesa hii inafanya kazi gani kati ya zile nne? Je, thamani yake leo ni sawa na ya siku tulipoanza kuchanga?

3. Fikiri juu ya ahadi. Ukikopa kwa rafiki ukasema "nakurudishia Ijumaa", wewe nawe umetoa sarafu yenye jina lako. Je, watu wanaipokea?

Nawatakia juma jema. Na wewe ambaye bibi yako yupo mbali, mpigie leo.